Mkate wa kumimina wa asubuhi ya Idi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ramadhani ikiingia kumi la mwisho, maswali ya mkate wa kumimina huanza kumiminika, na karibu yote yanazunguka jambo moja: nifanye nini leo ili kesho asubuhi nisiwe jikoni wakati wageni wako sebuleni? Jibu fupi ni kwamba mchele uliorowekwa unangoja, mkate uliokwisha kuiva unangoja, lakini unga uliokwisha kutiwa hamira haumngoji mtu. Ukilijua hilo, mengine ni kupanga saa zako.

Kwanza, kipimo chako ni kipi?

Mchele vikombe viwili (kama gramu 400), tui zito kikombe kimoja na robo (mililita 300), hamira ya chenga kijiko kimoja cha chai, sukari robo tatu ya kikombe (kama gramu 150), hiliki iliyotwangwa kijiko kimoja cha chai, ute wa yai moja, chumvi kidogo sana kwa ncha za vidole. Mafuta au samli ya kupaka sufuria. Zabibu kavu ukipenda. Hiki kinatosha sufuria au chombo cha kuokea cha upana wa inchi tisa, na unapata vipande vinane hadi kumi vya heshima.

Mwezi haujaandama bado. Niroweke mchele au nisubiri tangazo?

Roweka. Usisubiri tangazo, maana likichelewa mpaka saa tatu usiku utakuwa umeshakwama: mchele unataka saa tano au sita ndani ya maji kabla haujasagika vizuri.

Siku ya 29 ya Ramadhani, osha mchele na uroweke baada ya adhuhuri. Alasiri kamua tui, lichuje, liweke kwenye friji. Magharibi inapoingia mchele umekuwa tayari na wewe una nafasi ya kufuturu kama watu wengine. Mwezi ukitangazwa saa tatu, unasaga saa tatu na nusu, unaacha uumuke mpaka kama saa nne na nusu, na kabla ya saa sita mkate umeshatoka motoni unapoa.

Na kama mwezi haukuonekana? Hujapoteza kitu. Mwaga maji, uchuje mchele vizuri, ufunike na uuweke kwenye friji mpaka kesho. Kinachouharibu ni kuuacha umelala ndani ya maji yale yale mezani usiku kucha na joto la pwani, hapo asubuhi utasikia harufu yake kabla hujafunua bakuli. Kesho yake usiku ni Idi bila shaka, kwa kuwa mwezi hauzidi siku 30, na mchele wako upo.

Kwa Idi kubwa hakuna mbio hizi. Mwezi wa Mfungo Tatu (Dhulhija) ukiandama, unajua siku tisa mbele utapika lini.

Umeme wa kwetu hauaminiki. Ukikatika usiku wa Idi sitaweza kusaga.

Basi saga mapema, ila usitie hamira wala sukari. Mchele na tui vilivyosagwa pamoja vinakaa kwenye friji tangu jioni mpaka usiku wa manane, hata mpaka kesho yake, mradi chombo kimefunikwa. Utakuta mchele umetuama chini na maji juu. Hiyo ni kawaida, koroga tu mpaka uchanganyike tena. Utoe nusu saa kabla ili ubaridi upungue, kisha ikoroge hamira kwenye vijiko viwili vitatu vya tui vuguvugu na uimimine humo. Nimesema vuguvugu. Tui la moto linaiua hamira, na hakuna dawa ya hamira iliyokufa isipokuwa kutia nyingine.

Niuoke usiku au alfajiri?

Usiku. Najua wapo watakaobisha, wanaotaka mkate uliotoka motoni sasa hivi. Lakini mkate wa kumimina ukiwa wa moto haukatiki vizuri. Kisu kinaburura, vitundu vinabonyea, na kipande kinatoka kama kimetafunwa. Ukilala usiku mmoja umefunikwa kwa kitambaa safi, asubuhi unakatika kwa ncha kali na hiliki imekolea zaidi. Halafu kuna suala la sala. Idi inasaliwa asubuhi mapema, watu wanaoga, watoto wanataka kuvishwa, kanzu moja haijapigwa pasi. Huo si wakati wa kuchungulia sufuria.

Je, naweza kuutia hamira usiku, nikaulaza kwenye friji na kuuoka alfajiri?

Swali hili linatoka kwa watu waliozoea kulaza unga wa mahamri. Unga wa ngano una mvutano, unaishika hewa ya hamira hata ukilala. Mchele hauna mvutano huo. Vipovu vimeshikiliwa na uzito wa ule uji tu, na ubaridi wa friji unaipunguza kasi hamira bila kuizuia kabisa. Kufika alfajiri vipovu vimepanda juu na kupasuka, mchele umetuama, na ladha imekuwa chachu. Wapo wanaotia hamira robo kijiko tu na kufanikiwa, lakini mkate wao una vitundu vidogo, umekaa karibu na keki nzito. Mimi siupendekezi kwa siku ambayo nyumba imejaa watu.

Na kama umeshafanya hivyo na umeshakwama, usiumwage. Tia sukari, weka karai dogo la vitumbua jikoni, upike vitumbua. Unga ni karibu ule ule, na kitumbua kinasamehe mengi.

Mchele gani unafaa?

Mchele mbichi wa kawaida, uwe basmati, wa Mbeya, au pishori wa Mwea. Basmati hutoa mkate mweupe na mwepesi zaidi. Mchele mpya uliovunwa juzi huwa na unato, kwa hiyo punguza tui kidogo. Usioufaa kabisa ni ule wa manjano uliochemshwa na maganda yake kabla ya kukobolewa: wanga wake umeshapikwa nusu, hautashikana kama wa mchele mbichi.

Wengine husaga pamoja na kijiko kimoja au viwili vya wali uliopoa. Ni ujanja mzuri, mkate unakuwa laini siku ya pili.

Unga wa mchele wa pakiti je?

Unafanya kazi, lakini utausikia mdomoni, una changarawe fulani hivi. Ukiwa huna blenda na hakuna jirani wa kukuazima, uroweke huo unga ndani ya tui saa mbili kabla ya kutia hamira.

Nisage mpaka wapi?

Hapa ndipo mikate mingi inapoharibikia, na watu wanailaumu hamira bure. Chukua tone la unga, lisugue baina ya kidole gumba na cha shahada. Ukisikia chembechembe, bado, rudisha. Chembe zisizosagika huzama wakati unga unaumuka, na ndizo zinazokupa lile tabaka gumu chini la mkate ambalo watoto hulibakisha kwenye sahani.

Saga kidogo kidogo, usiijaze blenda. Tumia tui la baridi, kwa sababu kisu cha blenda kikizunguka muda mrefu kinaupasha unga moto. Tia hamira mwisho kabisa, uzungushe mara moja tu ichanganyike. Uzito uwe wa uji unaomiminika kwa utepe usiokatika. Ukidondoka kwa mabonge, ongeza tui kijiko kimoja kimoja. Ukimwagika kama maziwa, umezidisha, na tiba yake ni kusaga kiganja kingine cha mchele uliorowekwa, kama ulibakisha. Siku zote bakisha.

Tui la nazi au la kopo?

La nazi iliyokunwa, kama unazipata nazi. Nazi mbili kubwa hutoa tui zito la kipimo hiki, ukikamua kwa maji kidogo. Tui la pili, lile jepesi, lisiingie kwenye mkate, lihifadhi kwa mchuzi wa mchana.

La kopo linafaa, ila tikisa kopo kwanza na usome ubavuni: yapo makopo ambayo ni maji na unga wa kuongeza uzito kuliko nazi. Kopo la mililita 400 linatosha kipimo hiki na kubakiza kidogo. Walioko Maskati na Dubai wengi hutumia tui la unga la pakiti, nalo ni zuri mradi ulikoroge zito.

Sukari inaingia lini?

Baada ya kuumuka. Sukari inayeyuka na kuulegeza unga, na ikiwa nyingi inaichelewesha hamira. Kwa hiyo unga uumuke kwanza ukiwa mzito, ndipo utie sukari, hiliki na chumvi, ukoroge taratibu kwa mwiko. Utaona umelegea na umeshuka kidogo. Uache dakika kumi au kumi na tano upate nguvu tena, kisha uoke.

Anayetaka kupunguza sukari anaweza kushuka mpaka nusu kikombe bila kuuharibu mkate. Mwenye kisukari ajue tu kwamba mchele wenyewe nao ni wanga.

Ute wa yai ni lazima?

Si lazima. Unasaidia kuta za vitundu zisimame, ndiyo maana mkate wenye ute huwa mrefu kidogo. Upige mpaka utoke povu, uuchanganye mwisho pamoja na sukari. Kiini usitie, kitaupa rangi na uzito wa keki.

Nitajuaje umeumuka vya kutosha?

Saa peke yake haitakwambia. Idi inarudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, kwa hiyo miaka mingine inaangukia joto la Februari, miaka mingine kipupwe cha Julai. Kwenye joto, dakika 40 zinatosha. Kwenye ubaridi unaweza kungoja saa moja na nusu.

Angalia uso wa unga. Mwanzo ni tambarare. Kisha vipovu vidogo vinatokea pembeni, vinasogea katikati, na uso mzima unavimba na kuwa kama umebinuka. Ukichovya kijiko na kukiinua, utasikia mlio mdogo wa vipovu vinavyopasuka. Hapo ndipo. Ukichelewa, katikati patabonyea na harufu itageuka kuwa ya pombe.

Sina oveni. Naupika vipi?

Kama walivyoupika waliotutangulia kabla oveni hazijaingia majumbani: kwa kupalia.

Washa mkaa na uusubiri ushike vizuri, usiwe na moshi. Pakaza sufuria mafuta chini na ubavuni, iweke motoni ipate joto, ndipo umimine unga. Utasikia unalia kidogo unapogusa chini. Hilo joto la mwanzo ndilo linaloanza kuvuta vitundu kwenda juu, na ndilo linalouzuia mkate usigande. Unga ufike nusu ya sufuria, usizidi, maana utapanda. Sasa punguza makaa ya chini yabaki machache sana, funika kwa mfuniko wa bati ulio bapa, na makaa mengi yaende juu ya mfuniko. Juu moto mwingi, chini moto mdogo. Anayegeuza kanuni hii atakula mkate ulioungua chini na mbichi juu.

Usifunue kila mara. Ukisikia harufu ya nazi na hiliki imejaa nyumba, kama baada ya dakika 25 au 30, funua kwa uangalifu majivu yasiingie, uchome kijiti katikati. Kikitoka kikavu, umeiva.

Kwa jiko la gesi, weka chuma cha chapati juu ya moto mdogo kabisa, na sufuria juu ya chuma. Mfuniko uufunge kitambaa ili mvuke usidondokee mkate, na ncha za kitambaa uzifunge juu zisifike motoni. Ukikauka juu, ugeuze kwenye kikaango chenye mafuta kidogo, uso chini, dakika mbili upate rangi. Si mzuri wa sura kama wa kupalia, lakini ukishakatwa hakuna atakayeuliza.

Na mwenye oveni?

Nyuzi 180, iliyokwisha kupata joto. Chombo kilichopakwa mafuta kiingie kitupu dakika tano, kitoke, kimiminiwe unga, kirudi dakika 35 hadi 40. Zabibu zitie baada ya dakika kumi, uso ukianza kushika. Ukizitia mapema zinazama zote chini. Ukitaka rangi zaidi, washa moto wa juu dakika mbili za mwisho na usiondoke hapo.

Mkate wangu umetoka bila vitundu. Nini kilitokea?

Ukiwa mzito na mfupi, hamira ilikuwa ya zamani au tui lilikuwa la moto. Jaribu hamira yako kwenye maji vuguvugu na sukari kidogo kabla ya kuanza, ikikaa dakika kumi bila povu, kanunue nyingine. Ukipanda ukabonyea katikati, uliumuka kupita kiasi au uliufunua kabla haujashika. Ukiwa na tabaka la kunata chini, mchele haukusagika au sufuria haikuwa ya moto. Ukipasuka juu, moto wa juu ulikuja mapema mno.

Nina wageni thelathini. Nizidishe kipimo mara tatu kwenye sinia moja kubwa?

Hapana. Unga wa kina kirefu hauivi katikati kabla pembeni hapajakauka. Pika mikate mitatu. Na usiusage na kuutia hamira wote kwa pamoja kama una oveni moja, kwa sababu mkate wa tatu utakuwa unangoja zamu huku unachachuka. Tia hamira kwa zamu, ukipishanisha kama dakika 40. Mchele na tui vilivyosagwa bila hamira vitasubiri kwenye friji.

Unakaa muda gani, na unapashwaje moto?

Ukiokwa usiku, kula mpaka mchana wa siku ya pili ukiwa umefunikwa mezani. Baada ya hapo, kwa joto letu, una nazi ndani na utaharibika. Friji inaulinda lakini inaufanya mgumu, kama inavyofanya kwa wali. Ugumu huo huondoka kwa mvuke: weka vipande kwenye chujio juu ya sufuria ya maji yanayochemka, funika, dakika tatu hadi tano. Kwa oveni, ufunike kwa foili, nyuzi 150, dakika kumi.

Ukitaka kupika wiki moja kabla, ukate ukishapoa kabisa, funga kila kipande peke yake, uweke kwenye friza. Alfajiri vitoe viyeyuke barafu, kisha mvuke. Wengi wanaofanya kazi mpaka mkesha wa Idi huu ndio mpango wao, na sioni aibu yoyote ndani yake.

Niko Uingereza, jikoni ni baridi, unga hauumuki.

Washa taa ya ndani ya oveni bila kuwasha moto, weka bakuli humo na ufunge mlango. Ama liweke bakuli ndani ya chombo cha maji vuguvugu. Uupe saa moja na nusu, hata mbili.

Unaliwa kabla au baada ya sala?

Idi ndogo, sunna ni kula tende kwa witiri (moja, tatu, tano na kuendelea) kabla ya kwenda kusali, kwa hiyo anayetaka kumega kipande na chai kabla ya kutoka hana tatizo. Idi kubwa, sunna ni kula baada ya kurudi. Kwa wengi, mkate hukatwa watu wakisharudi, pamoja na tambi za sukari, mbaazi na mahamri kwa Mombasa, au bokoboko kwa Unguja. Watoto watakula kipande kimoja na kupotea. Wanawahi mkono wa Idi na bembea za Makadara kule Mombasa au Mnazi Mmoja kule Unguja.

Asiyekula ngano anaweza kuula?

Ndiyo, hauna ngano. Angalia tu pakiti ya hamira na kopo la tui, na usitumie kisu ulichokatia mahamri.

Nausafirisha kwa mama mkwe. Niukate kwanza?

Upeleke mzima, ndani ya chombo ulichookea, umefunikwa kwa kitambaa na si mfuniko wa plastiki, maana jasho la plastiki linaulowesha juu. Ukifika, pitisha kisu chembamba pembeni pote, ugeuze kwenye sinia, kisha ugeuze tena uso uwe juu. Kisu cha kukatia kipakwe mafuta kidogo na kifutwe baada ya kila kipande. Na chombo chako andika jina chini kabla hujatoka nyumbani, siku ya Idi sufuria zinahama mitaa.